Kujifunza Kupanda Farasi: Mwongozo kwa Mtoto na kwa Mtu Mzima Anayeanza

Mtu anayeulizia mafunzo ya kupanda farasi katika vituo vya Karen na Lang'ata jijini Nairobi, au katika mashamba ya kando ya Arusha, kwa kawaida huanza na suala la umri: mtoto wangu ana miaka mitano, je, ataweza, mimi nina miaka arobaini na mitatu, je, sijachelewa? Majibu yamo humu, lakini suala lenye uzito zaidi ni lile la mpangilio, yaani kitu gani kifundishwe kwanza na kitu gani kisubiri. Mwanafunzi anayepewa hatamu kabla hajajua kukaa atazing'ang'ania kama abiria wa daladala anavyong'ang'ania bomba pale dereva anapofunga breki ghafla, na tofauti ni kwamba bomba halina mdomo. Hatamu zimeunganishwa na lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni, lijamu limelala juu ya ulimi na ufizi wa farasi, na kila mvuto wa mwanafunzi aliyepoteza mizani humuumiza mnyama ambaye hana kosa. Kwa hiyo hatua zifuatazo zimepangwa kwa kanuni moja: nyonga na miguu hujifunza kwanza, mikono husubiri.

Hatua hizo ni zilezile kwa mtoto na kwa mtu mzima, ila kasi yao haifanani. Nilianza mwenyewe nikiwa mtu mzima, siku moja na binti yangu aliyekuwa na miaka minane, na kufikia mwezi wa pili alikuwa ameniacha mbali. Mtoto ana mwili laini na mizani ya asili, lakini akili yake huchoka baada ya nusu saa. Mtu mzima huelewa maelezo mara moja, isipokuwa nyonga zake zimekakamaa kwa miaka ya kukaa kitini, na anajua fika kuvunjika mfupa kunagharimu nini.

Hatua ya kwanza: kitembelee kituo kabla ya kulipa

Nenda siku ambayo hupandi, ikiwezekana wakati somo la watu wengine linaendelea, na uwatazame farasi kabla ya kumsikiliza mwenye kituo. Farasi mzima anahitaji kati ya lita 20 na 50 za maji kwa siku, na zaidi joto linapozidi, hivyo ndoo au birika tupu wakati wa adhuhuri ni dosari kubwa kuliko ofisi isiyopakwa rangi. Angalia kama mbavu zimetokeza, kama kuna vidonda au mabaka meupe ya manyoya mahali pa kuwekea tandiko (mabaka ya namna hiyo mara nyingi huachwa na tandiko lisilomkaa vizuri), kama kwato zimechongwa, na kama kuna kivuli. Kisha mtazame saisi, yaani mtunza farasi, akiingia bandani. Farasi wakigeuza masikio mbele na kumsogelea, kituo kimekwishajieleza. Wakirudi nyuma na kulaza masikio, nako ni kujieleza.

Uliza habari za chanjo, hasa ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao husababishwa na virusi vinavyobebwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma tangu jioni hadi alfajiri, na ambao huzidi majira ya mvua. Ugonjwa huo huua farasi wengi wasiochanjwa, ilhali pundamilia huubeba bila ya kuonyesha dalili. Vituo makini huwaingiza farasi bandani kabla ya jua kuzama, na ndiyo sababu hupangiwi somo saa kumi na mbili na nusu jioni hata ukibembeleza. Mbung'o, ambaye Kenya huitwa ndorobo, naye ni miongoni mwa sababu za farasi kuwa wachache katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na za vituo vingi kuwa kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Jambo jingine la kupima ni kama utaulizwa uzito wako. Kanuni inayotumika sana husema kwamba mpandaji pamoja na tandiko asizidi asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa farasi, kwa hiyo farasi wa kilo 450 asibebeshwe zaidi ya kilo 68 hadi 90. Ukiulizwa uzito, usikasirike na wala usipunguze. Kituo kisichomuuliza mtu mzima swali hilo kinapangia farasi mizigo kwa kukisia.

Maswali yaliyobaki ni mafupi: somo la kwanza ni la mtu mmoja au la kundi; mwanafunzi mpya huongozwa kwa kamba kwa masomo mangapi; kofia ngumu zinatolewa au zinanunuliwa; kuna bima gani; na somo lililokatizwa na mvua hulipwa au hurudishwa. Utapewa fomu ya kukubali hatari za mchezo huu. Isome yote, kwa kuwa wengi huitia saini wakiwa wamesimama, mtoto akiwavuta mkono. Usinunue kifurushi cha masomo kumi kabla ya kufanya mawili.

Hatua ya pili: pima utayari, si umri peke yake

Vituo vingi huanza masomo ya kweli mtoto anapofikisha miaka sita au saba. Chini ya hapo hupandishwa na kutembezwa kwa dakika kumi au kumi na tano, mtu mzima akishika kamba na mwingine akitembea ubavuni, na hiyo ni burudani nzuri ambayo haipaswi kulipiwa kama somo. Kipimo changu kwa mtoto ni rahisi: je, anaweza kufuata agizo lenye sehemu mbili bila kukumbushwa, na je, anaweza kusimama kimya pale anapoambiwa asimame? Mtoto wa miaka sita anayeweza hayo yuko tayari kuliko wa miaka tisa asiyeweza.

Kwa watu wazima hakuna umri wa kufunga mlango. Hiroshi Hoketsu wa Japani alishiriki michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa na miaka 71, katika mchezo wa kumwelekeza farasi kwa hatua za ustadi, ingawa ni haki kuongeza kwamba alikuwa ameshiriki pia Tokyo mwaka 1964 na kwa hiyo hakuwa mgeni. Lis Hartel wa Denmark alipatwa na polio mwaka 1944, miguu yake ikabaki na udhaifu chini ya magoti, akahitaji kusaidiwa kupanda na kushuka, na bado alichukua medali ya fedha Helsinki mwaka 1952 akishindana na wanaume kwa wanawake uwanja mmoja. Kukaa kwake juu ya farasi kulitegemea kiwiliwili, na ndicho hasa kitu ambacho mwanafunzi mpya anatakiwa kukijenga.

Hata hivyo, mwone daktari kwanza ikiwa una maradhi ya uti wa mgongo, kifafa, mifupa dhaifu, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una mimba. Mtoto mwenye Down syndrome apimwe shingo kabla ya kupanda, kwa kuwa baadhi yao wana ulegevu katika pingili za juu za shingo, na afundishwe na mwalimu aliyesomea upandaji wa tiba. Upole peke yake hautoshi kwa kazi hiyo.

Hatua ya tatu: mavazi

Kitu kimoja tu hakina mbadala, nacho ni kofia ngumu ya kupandia farasi. Kofia ya baiskeli haikutengenezwa kwa aina hii ya kuanguka, na ile ya bodaboda ni nzito, hufunika masikio na kuziba macho ya pembeni. Tafuta ndani ya kofia alama ya viwango kama ASTM F1163, PAS 015 au VG1. Ivae, legeza mkanda, kisha inama na kutikisa kichwa: ikicheza, ni kubwa. Kofia iliyokwisha kupigwa chini pamoja na kichwa cha mtu haifai tena hata kama haionyeshi ufa, na hiyo ni sababu ya kutonunua ya mtumba ambayo historia yake huijui.

Hapa wanawake na wasichana wetu wana jambo lao ambalo maelekezo yaliyoandikwa kwingine hayaligusi. Misuko minene hubadilisha ukubwa wa kichwa, kwa hiyo ijaribu kofia ukiwa na mtindo ule utakaopandia, na nywele zifungwe chini kisogoni, kamwe si utosini. Anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kinachovutika, akivae chini ya kofia bila pini hata moja, na ncha zake azichomeke ndani ya shati.

Viatu viwe na soli isiyo na mabonde makubwa na kisigino cha takriban sentimita mbili, ambacho huuzuia mguu usipenye wote ndani ya kikuku, kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko. Viatu vya shule vyeusi vya kawaida mara nyingi vinatosha kwa miezi ya mwanzo. Raba za mazoezi hazina kisigino, na gambuti ni pana hata zinaweza kukwama, nako kukwama kikukuni wakati wa kuanguka ndiyo ajali inayoogopwa kuliko zote. Suruali iwe ya kuvutika, kwani mshono mnene wa jinzi utakuchubua mapaja ndani ya dakika ishirini. Acha bangili, pete na hereni za kuning'inia nyumbani.

Hatua ya nne: somo huanza ukiwa chini

Kituo kinachompandisha mwanafunzi mpya dakika ya kwanza kimeruka sehemu inayookoa maisha. Farasi ana macho ya pembeni yanayomwezesha kuona takriban digrii 350 kumzunguka, lakini haoni mbele kabisa ya paji lake wala nyuma kabisa ya mkia wake. Kwa hiyo mkaribie kwa upande wa bega, polepole, ukimsemesha, na unyooshe mkono kuelekea bega kabla ya kugusa uso. Ukilazimika kupita nyuma yake, ama pita mbali hatua tatu na zaidi, ama pita karibu kabisa ukiwa umemwekea mkono mgongoni ili ajue ulipo. Umbali wa katikati ndio umbali wa teke.

Aliyekulia Lamu kati ya punda atakuja na mazoea yake, na baadhi yatamsaidia, kwa sababu hataogopa ukubwa wa kichwa wala harufu. Yasiyomsaidia ni haya: punda akishtuka husimama akatafakari, na watu humwita mkaidi, farasi akishtuka hukimbia kwanza, kutafakari baadaye. Ndiyo maana kamba ya kuongozea haizungushwi mkononi hata mara moja. Ikunje kwa mikunjo iliyolala ndani ya kiganja, ili farasi akiondoka, kamba iondoke naye na vidole vibaki.

Jifunze kusoma masikio. Yakielekea mbele, anatazama kitu. Moja likigeuka kwako, anakusikiliza. Yakilala kabisa nyuma, ondoka. Kisha msugue kwa burashi tangu shingoni kuelekea nyuma, kwa kufuata mlalo wa manyoya, na usafishe kwato kwa chuma cha kuchokolea, ukianzia kisiginoni kwenda kidoleni na kuepuka kuichokoa ile sehemu laini yenye umbo la pembetatu katikati. Watoto hupenda kazi hii kuliko wazazi wanavyotarajia. Mtu mzima huiona kama kupoteza muda aliolipia, hadi siku atakapogundua kijiwe ambacho kingemlemaza farasi wake katikati ya somo.

Usimlishe farasi kitu chochote bila idhini ya saisi. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia kimeingia, na msokoto wa tumbo unaweza kumwua. Tena, anayezoea kupewa karoti mkononi hujifunza kutafuta karoti kwenye kila mkono, na vidole vya mtoto vinafanana nazo.

Hatua ya tano: kukagua tandiko na kupanda

Mwalimu au saisi ndiye atakayetandika mwanzoni, lakini jifunze kukagua mambo mawili. La kwanza ni mkanda wa tumboni. Farasi wengi huvuta pumzi unapofungwa, kisha huishusha, hivyo ukazwe tena baada ya kutembezwa hatua chache na kabla ya mtu kupanda. La pili ni urefu wa vikuku. Gusisha ncha za vidole mahali ukanda wa kikuku unapoanzia kwenye tandiko, nyoosha mkono, kisha vuta kikuku kuelekea kwapani: kikifika kwapani, umekaribia urefu wako.

Panda ukitumia ngazi fupi ya kupandia. Kupanda kutoka chini huonekana kwenye filamu kuwa ushujaa, ila huvuta tandiko upande mmoja na kuuumiza mgongo wa farasi. Simama upande wa kushoto, shika hatamu pamoja na manyoya ya shingo kwa mkono wa kushoto, ingiza mguu wa kushoto katika kikuku, inuka, vusha mguu wa kulia juu bila ya kumpiga farasi kiunoni, na ukae taratibu. Neno la mwisho ndilo linalosahaulika. Watu wazima hujitupa kama gunia la mahindi kwenye lori, na farasi mpole huanza kuondoka kila anapopandwa kwa kuwa anajua kinachokuja.

Hatua ya sita: kukaa bila ya hatamu

Hapa ndipo mwongozo huu unapotaka ukae muda mrefu zaidi, hata kama walio nje ya uzio wanadhani huendi popote. Mwalimu husimama katikati akiwa ameshika kamba ndefu, farasi huzunguka duara lenye upana wa mita 15 hadi 20, na mwanafunzi hana kazi nyingine isipokuwa kukaa. Hatamu zimefungwa fundo shingoni. Kuna mkanda wa shingo au wa mbele ya tandiko wa kushika wakati wa dharura, na kuushika si aibu. Aibu ni kuvuta mdomo wa farasi.

Mkao sahihi una mstari mmoja ulionyooka unaopita sikioni, begani, nyongani na kisiginoni. Ukiondolewa farasi chini yako kimiujiza, ungetua ardhini umesimama, magoti yamekunjwa kidogo. Makosa ni mawili na yanapingana. Mwenye hofu hujikunja mbele, hubana magoti na kuinua visigino, na magoti yaliyobanwa humsukuma juu kama vidole vinavyobinya mbegu ya chungwa. Mwenye kujiamini kupita kiasi huegemea nyuma na kunyoosha miguu mbele kama aliyeketi sofani. Dawa ya yote mawili ni kuziacha nyonga zifuate mwendo: farasi anapotembea, mgongo wake hukuyumbisha mbele na nyuma, kushoto na kulia, na nyonga iliyolegea huyumba naye ilhali mabega yametulia.

Mazoezi ya kuomba ni kuzungusha mikono mmoja baada ya mwingine, kugusa kidole cha mguu cha upande wa pili, kutembea bila ya vikuku, na kufumba macho kwa mzunguko mmoja huku ukisema kwa sauti ni mguu gani wa nyuma unaogusa chini. Zoezi hilo la mwisho huonekana mchezo wa kitoto, nalo ndilo lililonifaa kuliko yote, kwa sababu lilihamisha akili yangu kutoka kichwani kwenda kwenye makalio.

Somo la mtoto lisizidi dakika thelathini. Mtu mzima anaweza kufika arobaini na tano, ingawa siku ya pili atashuka ngazi kwa kushika ukuta. Kwa anayekuja mara moja kwa juma, masomo manne hadi manane ya kamba ni jambo la kawaida. Ukiambiwa umehitimu kamba baada ya somo moja, uliza kwa adabu sababu ya haraka.

Na mzazi aliye nje ya uzio anyamaze. Mtoto anayesikia «visigino chini!» kutoka kwa mwalimu na «kaa wima, mama!» kutoka kwa mamaye ana walimu wawili na farasi mmoja, naye humtazama mama badala ya kutazama mbele.

Hatua ya saba: kutembea, kusimama na kugeuka

Sasa mikono inaruhusiwa. Hatamu hupita kati ya kidole cha mwisho na cha pete, hutokea juu ya kiganja na kushikiliwa na dole gumba, ngumi zikiwa wima kama zilizobeba vikombe viwili vya chai iliyojaa. Ukazaji wake ni ule wa kumshika kifaranga: asitoroke, wala asiminywe. Kiwiko hufunguka na kujikunja kufuata kichwa cha farasi, kwa kuwa kichwa hicho husogea mbele na nyuma katika kila hatua.

Mpangilio wa maagizo haubadiliki: kwanza mwili, kisha mguu, mwisho hatamu. Kutaka kwenda, inua kifua, bana kidogo kwa mashavu ya miguu, legeza hatamu. Kutaka kusimama, kaa kwa uzito zaidi, zuia nyonga zisiyumbe, kisha funga vidole juu ya hatamu bila ya kuvuta nyuma, na ulegeze papo hapo farasi anapoitika. Kulegeza ndiko kunakomfundisha. Asiyelegeza humfundisha farasi kwamba kutii hakuna faida, na baada ya mwezi atalalamika kwamba farasi ana mdomo mgumu. Kutaka kugeuka, tazama unakokwenda, kwa maana kichwa kikigeuka, mabega na nyonga hufuata, na farasi husikia hayo kabla ya hatamu kusogea.

Uwanja wa mazoezi wa kawaida una mita 20 kwa 40, na herufi A, K, E, H, C, M, B na F zimebandikwa pembeni kwa mpangilio huo. Zikariri mapema, kwani mwalimu atasema «geuka E» na hatangoja. Mnapopishana, bega la kushoto hupita bega la kushoto. Kati ya farasi wako na wa mbele acha nafasi ya urefu wa farasi mmoja au zaidi. Mwanafunzi akianguka, wote husimama palepale.

Hatua ya nane: mwendo wa matiti

Farasi ana miendo minne. Kutembea kuna midundo minne, matiti, yaani mwendo wa kudunda ulio kati ya kutembea na mbio, yana midundo miwili, mbio nyepesi zina mitatu, na shoti, yaani mbio za kasi kamili, ina minne iliyo ya haraka. Matiti ndiyo yanayowavunja moyo wengi, kwa sababu farasi huruka kutoka jozi moja ya miguu hadi nyingine, wa mbele wa upande mmoja pamoja na wa nyuma wa upande wa pili, na mpandaji hurushwa kwa kila mdundo.

Suluhisho ni kuinuka na kukaa: mdundo mmoja juu, mmoja chini. Anza na farasi aliyesimama, kisha anayetembea, ukihesabu «juu, chini» kwa sauti. Usijivute kwa hatamu na usisimame kama unayechungulia dirishani. Acha farasi akurushe, nyonga ziende mbele sentimita chache, urudi kukaa bila kishindo. Siku moja mdundo utakukubali kwa hatua sita, kisha utapotea, kisha utarudi. Watoto huupata kwa kuimba wimbo wowote wa darasani wenye midundo miwili. Watu wazima huona haya kuimba, na wanachelewa kwa sababu hiyo tu.

Ukiweza kuzunguka uwanja mara mbili bila ya kugusa mkanda wa shingo, mwalimu ataongeza duara la mita 20, kubadilisha upande, na kuinuka pamoja na bega la nje la farasi linapokwenda mbele.

Hatua ya tisa: kuanguka, na mbio nyepesi

Kabla ya mbio, omba ufundishwe kushuka kwa dharura: toa miguu yote miwili vikukuni, inama mbele, weka mikono shingoni, vusha mguu wa kulia, ruka ukitua kwa magoti yaliyokunjika na uso ukitazama mbele. Fanya farasi akiwa amesimama, kisha akitembea. Mtoto aliyefanya hivyo mara ishirini hukaa kwa utulivu zaidi, maana anajua njia ya kutoka. Ukianguka kweli, legeza mwili, achia hatamu, viringika mbali na kwato. Aliyegonga kichwa hapandi tena siku hiyo, hata kama anadai yu mzima, hata kama kuna desturi ya kusema kwamba aliyeanguka apande papo hapo ili hofu isikae. Hofu inaweza kusubiri juma moja.

Mbio nyepesi zenyewe, ajabu ni kwamba ni rahisi kukaa kuliko matiti, kwani hubembea kama mashua kwenye wimbi la pole. Ombeni zianze kwenye kamba, mzunguko mmoja kwa wakati. Shoti haimo katika mwaka wa kwanza wa masomo.

Hatua ya kumi: baada ya kushuka

Dakika tano za mwisho za somo ni za kutembea kwa hatamu ndefu ili pumzi ya farasi irudi. Ukishuka, pandisha vikuku visimpige mbavuni, legeza mkanda wa tumbo matundu mawili, na umwongoze mwenyewe hadi bandani. Jasho la chini ya tandiko lifutwe kwa maji kisha yakamuliwe, hasa kwenye joto, na maji ya kunywa apewe. Mwulize saisi kama kuna mahali palipochubuka, naye atakuonyesha, na mara nyingi utajua hapo ulikaa upande gani kwa somo zima.

Kabla ya kuondoka, mwombe mwalimu akupe jambo moja tu la kufanyia kazi hadi juma lijalo. Kwa wanafunzi wengi wa mwanzo jambo hilo ni visigino, na zoezi lake halihitaji farasi: simama kwenye ngazi ya nyumbani, nusu ya mbele ya miguu ikiwa juu ya kidato, mkono mmoja ukutani, na uviache visigino vishuke polepole kwa uzito wako wenyewe, asubuhi na jioni, dakika mbili kila mara.